Vifaa vya filamu kwa bajeti ndogo: utengeneze au ununue?

Mwenye simu nzuri au kamera ya kuanzia hukwama mahali palepale: picha inatoka, ila mwanga unamwangusha. Pesa iliyobaki haitoshi seti kamili ya taa, na mtandaoni kuna video kibao za watu wanaotengeneza softboksi (boksi la kulainisha mwanga wa taa) kwa maboksi ya karatasi. Fundi wa Gerezani au Kamukunji atakuchomelea stendi ukimpa kipimo. Duka la Kariakoo au la Luthuli Avenue lina taa ya LED tayari ndani ya boksi lake, na plagi yake.

Tumelinganisha kifaa kwa kifaa, kwa sababu jibu la taa si jibu la stendi, na la stendi si la betri. Msimamo wetu tuuseme mapema: kinachozalisha mwanga, umeme au sauti kinahitaji uangalifu mkubwa ukikitengeneza mwenyewe, kinachoshika, kinachozuia au kinacholainisha mwanga baada ya kutoka kwenye taa, fundi yeyote makini anakimudu. Katikati hapo kuna mambo ya kujadili.

Vigezo vya kupimia

*Rangi.* Namba ya CRI huonyesha taa inavyotoa rangi kwa uaminifu, na kilele chake ni 100. Balbu nyingi za LED za nyumbani ziko kwenye 80 hivi. Kwa video tafuta 95 kwenda juu. Kuna mtego hapa: CRI ni wastani wa rangi nane zilizofifia, na nyekundu iliyokolea, ile inayoitwa R9, haimo kwenye hesabu hiyo. Ngozi ya maji ya kunde na nyeusi inategemea sana wekundu huo. Taa yenye R9 ndogo huifanya ngozi ionekane ya kijivu, na ukijani kidogo chini ya macho, na kwenye kompyuta huwezi kurudisha rangi ambayo taa haikuitoa.

*Utulivu wa mwanga.* Umeme wetu ni wa Hertz 50, kwa hiyo taa yenye saketi ya bei poa hupigapiga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukishuti fremu 25 kwa sekunde, kwa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kila fremu inapata mapigo mawili kamili na picha inatulia. Ukiiacha simu kwenye fremu 30 na shata ijichagulie yenyewe, mistari ya giza inaanza kupanda ukutani.

*Usalama, gharama kamili, muda, na matengenezo.* Gharama kamili ina maana ya bei pamoja na nauli, usafirishaji, ushuru na VAT (Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, Kenya 16), na upande wa kutengeneza, vile vipande ulivyoviharibu ukijifunza. Muda nao una bei: siku mbili ulizoshinda na solda ni siku mbili ambazo hukushuti harusi ya mtu.

Taa kuu

*Ukitengeneza*

Njia nyepesi kabisa ni balbu moja ya LED ndani ya tufe la karatasi nyeupe, lile la mapambo, lililoning'inizwa juu ya meza. Linatoa mwanga laini wa kuzunguka pande zote na linafaa sana kwa mazungumzo ya watu wawili usiku. Tumia LED tu. Balbu ya zamani ya waya inachoma karatasi.

Njia nzito kidogo ni paneli ya mkanda wa LED, na hii tuieleze vizuri kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa na wengi. Unahitaji:

- Mkanda wa LED wa volti 12, taa 60 kwa mita, wati 14.4 kwa mita, mita 5. Hakikisha umeandikwa CRI isiyopungua 90, na 95 ukiupata, na rangi Kelvin 5,000 hadi 5,600, yaani weupe wa mwanga wa mchana. Mkanda wa kupamba baa hauna sifa hiyo. Chukua usiofunikwa na silikoni, kwa sababu silikoni huvuta rangi kuelekea bluu na kufungia joto ndani.
- Bamba la alumini sentimita 45 kwa 32, unene milimita 1.5 hadi 2.
- Adapta ya volti 12, ampea 8 au 10, ya aina iliyofungwa kabisa kama ya kompyuta mpakato.
- Swichi tatu, fyuzi ya gari ya ampea 7.5 na holda yake, waya wa milimita mraba 1 au 1.5.

Kata mkanda vipande 12 vya sentimita 40. Mkanda wa aina hii hukatika kila baada ya taa tatu, yaani kila sentimita 5, kwa hiyo 40 inaangukia palipo na alama ya mkasi. Vibandike kwa mistari, nafasi ya sentimita 2.5 kati ya mstari na mstari. Unganisha chanya zote pamoja na hasi zote pamoja. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanauzungusha mkanda mzima wa mita 5 kama nyoka, umeme unaingia upande mmoja, na mwisho wa safari volti zimepungua. Upande mmoja wa paneli unawaka sana, wa pili unafifia.

Jumla ni mita 4.8, kama wati 69, karibu ampea 5.8. Ndiyo maana adapta ni ya 8 na si ya 6. Adapta inayokamuliwa hadi ukingoni huungua mapema.

Kupunguza mwanga, usinunue kidima cha bei ndogo. Vingi huwasha na kuzima LED kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayoleta mistari kwenye kamera. Badala yake gawa mistari 12 katika makundi matatu ya mistari minne, kila kundi na swichi yake. Chukua mstari mmoja, ruka miwili, uendelee hivyo, ili kila kundi lisambae paneli nzima. Utapata theluthi moja, theluthi mbili na mwanga kamili bila tatizo lolote la kamera. Karatasi ya kuokea iliyotandazwa sentimita 4 mbele ya taa inaondoa vivuli vya nuktanukta.

Kabla ya kuwasha, weka mita ya kupimia umeme (multimita) kwenye alama ya mlio na gusa chanya na bamba la alumini. Ikilia, kuna mguu wa solda unaogusa bamba. Umalize sasa kabla haujakumalizia adapta. Gundi ya mkanda huachia kwa joto baada ya muda, kwa hiyo funga ncha za kila mstari kwa kibano cha plastiki, na nyuma ya bamba paachwe wazi lipumue.

Kwa nini adapta iliyofungwa? Kwa sababu volti 230 zinabaki ndani ya boksi lililofungwa kiwandani na mikono yako inagusa 12 tu. Zile pawa saplai za bati zinazouzwa kwa ajili ya kamera za ulinzi zina vichwa vya umeme vilivyo wazi pembeni, na kwenye seti kuna watu wanaopita gizani wakiwa wamebeba chupa za maji. Ukilazimika kuitumia, iweke ndani ya boksi, bati liunganishwe na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, na fyuzi ya plagi ibadilishwe kutoka ampea 13 kuwa 3. Ampea 3 kwa volti 230 ni karibu wati 690, inakutosha na kubaki.

*Ukinunua*

Kwa chumba na mtu mmoja au wawili, taa ya LED ya wati 60 hadi 100 yenye chipu moja kubwa katikati ndiyo ya kuanzia. Tafuta yenye mdomo wa Bowens, yaani kishikio cha mbele ambapo softboksi hufungwa. Kampuni ya Uingereza yenye jina hilo ilifungwa mwaka 2017, lakini mdomo wake umebaki kuwa desturi ya watengenezaji wengi, kwa hiyo softboksi utakayonunua leo itakaa kwenye taa utakayonunua baadaye.

Faida yake kubwa kuliko ya kutengeneza ni nguvu iliyokusanyika mahali pamoja. Paneli ya mikanda haiwezi kurusha mwanga kutoka nje ya dirisha ukaonekana kama jua linaingia. Taa ya chipu moja yenye kioo chake cha kurudisha mwanga inaweza, angalau jioni au siku ya mawingu. Jua la saa sita mchana, taa ya wati 60 hailiwezi, iwe ya duka au ya kwako.

Dukani fanya majaribio haya kabla ya kulipa. Weka simu kwenye mwendo wa polepole, punguza taa hadi asilimia 10 na uangalie kama inapepesa. Chukua sidii ya zamani, tazama mwanga wa taa ukirudi upande unaong'aa: upinde wa rangi uwe mfululizo, na nyekundu iwe pana, siyo uzi mwembamba. Piga picha ya kiganja chako juani nje, kisha chini ya taa, kila mara ukipanga rangi nyeupe kwa karatasi ileile. Viganja viwili vikitofautiana sana, rudisha boksi. Mwisho, zima redio ya duka kama wanakubali na usikilize feni: taa za bei ya chini huwa na feni inayosikika hadi kwenye maiki iliyo mita moja na nusu.

Taa nyingi huja na plagi ya miguu miwili ya duara. Badilisha waya wote upate wa miguu mitatu ya kwetu, kwani kile kiunganishi kidogo cha bei poa hukata ethi na hulegea kila waya unapovutwa.

*Inamfaa nani*

Paneli ya kutengeneza inamfaa anayeshuti sehemu moja: chumba cha mahojiano, darasa la mtandaoni, studio ya Injili. Ikiharibika, mstari mmoja ndio unakufa na mingine 11 inaendelea; kuitengeneza ni dakika 10 za solda. Ya duka ikifa chipu au saketi, mara nyingi hakuna kipuri mtaani. Ya duka inamfaa anayebeba taa kwenye bodaboda mara tatu kwa wiki, anayefanya kazi ya mteja anayetazama vifaa kabla ya kutazama picha, na asiyejua kushika solda wala hana hamu ya kujua. Hesabu pia kuuza: taa ya duka iliyotunzwa na boksi lake inapata mnunuzi, paneli ya kwako hainunuliwi na mtu.

Kulainisha, kurudisha na kuzuia mwanga

*Ukitengeneza*

Hapa ndipo shilingi inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine pote. Fremu ya mita 1.2 kwa 1.2 inahitaji bomba moja la plastiki la robo tatu inchi lenye urefu wa mita 6, elbo nne, na kitambaa. Kata vipande vinne vya mita 1.2, chomeka kwenye elbo bila gundi ili uivunje na kuibeba. Kitambaa kiwe pazia jeupe la bafuni lisilo na maua, au shuka jepesi la pamba. Kifunge kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, ambavyo huvuta kitambaa kila upande na havipigi kelele upepo ukija.

Angalia rangi ya kitambaa. Nyeupe ya dukani haiko sawa: mashuka mengine yana umanjano, na yale yaliyotiwa dawa ya kung'arisha huvuta bluu. Piga picha ya karatasi nyeupe kupitia kitambaa kabla hujakikubali.

Jinsi ya kukitumia ni muhimu kuliko kitambaa chenyewe. Mwanga unakuwa laini kwa ukubwa wa chanzo ukilinganisha na umbali wake kutoka kwa mwigizaji. Fremu ikiwa mita 1 kutoka usoni, na taa mita 1 nyuma ya fremu ikiijaza yote, kivuli cha pua kinayeyuka. Ukiisogeza fremu hadi mita 3, ni ile ile fremu ila mwanga umekuwa mkali tena, na umepungua sana. Kabla ya kununua taa kubwa zaidi, sogeza uliyonayo karibu: ukipunguza nusu umbali wa taa ndogo isiyo na kitambaa, mwanga unaomfikia mtu unakuwa mara nne.

Fremu hiyohiyo ikivishwa kaniki inazuia mwanga usipotakiwa. Kwa kurudisha mwanga, zile mbao nyeupe za stairofomu zinazokuja na friji au TV ni bora kuliko vingi vinavyouzwa, maana uso wake hauna mng'ao na mwanga unarudi mtulivu. Karatasi ya alumini ya jikoni, ikunjwe kwanza kama taka kisha inyooshwe na kubandikwa kwenye boksi, inarudisha mwanga mkali zaidi. Ikibandikwa bila kukunjwa inarusha madoa usoni.

Nchi zetu ziko karibu na ikweta, na jua la mchana huwa utosini kiasi kwamba macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Watu wawili wakishika fremu ya kitambaa juu ya kichwa chake na wa tatu akishika stairofomu chini ya kifua, umemaliza tatizo ambalo taa ya laki kadhaa ingelishindwa.

Kinachoharibika: upepo. Fremu ya mita 1.2 ni tanga la mita za mraba 1.44, na ufukweni msimu wa kusi bomba la plastiki linapinda hadi linatoka kwenye elbo. Nje ishikwe kwa mikono, isiachwe kwenye stendi.

*Ukinunua*

Ile rifleta (kitambaa cha kurudisha mwanga) ya kukunja ya sentimita 110 yenye nyuso tano (ya kupitisha mwanga, nyeupe, fedha, dhahabu na nyeusi) ni rahisi kiasi kwamba hatuoni sababu ya mtu anayesafiri kuhangaika na stairofomu inayovunjika kwenye daladala. Wa dhahabu usiutumie usoni. Unapaka ngozi rangi ya chungwa. Softboksi ya duka yenye kitambaa cha ndani na cha nje, sentimita 90, inafungwa dakika tatu na haimwagi mwanga ukutani, jambo ambalo fremu ya bomba inalifanya sana kwenye vyumba vyetu vyenye kuta nyeupe na dari fupi.

*Inamfaa nani*

Mwenye wasaidizi na nafasi, atengeneze fremu kubwa. Anayefanya kazi peke yake, ndani ya vyumba vidogo, anunue softboksi na rifleta.

Stendi na uzito wa kuzituliza

Stendi nyepesi za alumini za mita 2 zinatosha taa ndogo, rifleta na maiki. Tatizo lake si kuvunjika bali kuanguka. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea ya chuma inayobeba chochote, lakini utaibeba wewe. Kwa studio isiyohama kuna njia rahisi zaidi: bomba la chuma lililosimamishwa ndani ya ndoo ya rangi ya lita 10 iliyojazwa zege. Zege la lita 10 lina uzito wa kilo 24 hivi. Halisogei hata mtoto akilivamia. Kwa kazi ya kuhamahama, ndoo hiyo ni adhabu.

Ukienda kwa fundi, mpe vipimo viwili, la sivyo vifaa havitaingiliana. Cha kwanza: kichwa cha stendi za taa ni ncha ya inchi 5/8, karibu milimita 16. Chuma cha duara cha milimita 16 kilicho laini kinatosha baada ya kukipiga msasa kidogo. Nondo ya ujenzi yenye meno haifai. Cha pili ni skrubu ya kamera, ambayo ni robo inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi. Duka la vifaa litakupa bolti ya M6 kwa sababu inafanana. Inaingia mizunguko miwili mitatu ikichezacheza, kisha ama inakwama ama inang'oka na kamera yako, na nyuzi za alumini chini ya kamera hazirudi. Omba bolti ya robo inchi ya Whitworth. Nyuzi zake nazo ni 20 kwa inchi na inakaa vizuri.

Mifuko ya mchanga hainunuliwi. Miguu ya jinsi za mtumba, imeshonwa chini, imejazwa kilo 5 hadi 7 za mchanga uliowekwa kwanza kwenye mfuko wa plastiki mzito, imeshonwa juu na mkanda wa kushikia. Weka mmoja kwa kila stendi, juu ya mguu ulioelekea upande wa taa.

Mwendo wa kamera

*Ukitengeneza:* jozi moja ya viatu vya mtumba vya magurudumu manne manne inakupa magurudumu nane. Yafunge mawili mawili kwenye vipande vinne vya chuma cha pembe, yakitazamana kwa nyuzi 90, chini ya ubao wa sentimita 60 kwa 60. Reli ni mabomba mawili ya plastiki ya inchi moja na nusu. Beringi nyingi za aina hii ni namba 608, tundu lake milimita 8, kwa hiyo bolti za M8 zinaingia. Kwenye bomba la mita 3 utapata mwendo wa kama mita 2 wa kutumika. Kinachoharibu picha ni viungo vya reli na vumbi. Usiunge bomba kama huwezi kukwepa, na futa reli kwa kitambaa kabla ya kila teki. Ukiacha mabomba juani yanapinda na hayanyooki tena. Kiti cha magurudumu kwenye sakafu ya vigae kinafanya kazi hiyohiyo bila reli, kwa sharti magurudumu yawe ya mpira wa upepo, na upepo upunguzwe kidogo.

*Ukinunua:* gimbali (kishikio chenye mota kinachotuliza kamera) ya simu au ya kamera ndogo inakupa kutembea, kupanda ngazi, kupita mlangoni. Haikupi mwendo wa reli, ule unaoanza na kuisha bila kutikisika. Kila hatua ya miguu yako inaonekana kama wimbi dogo la juu na chini. Inategemea betri na programu yake, na mota zikiharibika, mafundi wa kuzifungua ni wachache.

Reli inamfaa anayepanga shoti mapema na ana wasaidizi. Gimbali inamfaa mpiga picha wa harusi na wa habari za mtaani, ambaye tukio halimsubiri.

Umeme wa kutumia nje au ukikatika

Tunapendelea wazi upande wa kununua. Usiunganishe seli za lithiamu mwenyewe bila saketi ya ulinzi, hata kama fundi wa simu anakuambia ni kazi ndogo. Ukitaka kutengeneza, tumia betri ya risasi iliyofungwa ya volti 12, ile ya ampea-saa 7 inayouzwa kwenye maduka ya sola, ukiwa na fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya. Usiitegemee zaidi ya nusu saa kwa paneli ya wati 69: kiasi kilichoandikwa kinapimwa kwa matumizi ya polepole ya saa 20, na ukiikamua kwa ampea 6 inatoa pungufu sana. Ukiwasha kundi moja tu la mistari minne, inadumu mara tatu na zaidi.

Betri za NP-F za kununua (aina ya betri za lithiamu za kamera za video) ni nyepesi na zinaingia kwenye taa nyingi ndogo. Soma namba kwa jicho la shaka. Ile kubwa, ya umbo la F970, ina seli sita, mbili mbili kwa safu tatu. Seli nzuri ya ukubwa huo ina kama 3,500 mAh, hivyo safu tatu haziwezi kuzidi 10,500. Inayojitangaza 12,000 inadanganya kwa hesabu ya darasa la tano. Kwenye ndege betri za lithiamu zinaingia kwenye mkoba wa mkononi, na zilizo chini ya wati-saa 100 hazihitaji kibali cha shirika. F970 ya Sony yenyewe ni kama 47.

Sauti, kwa kifupi

Maiki nunua. Vinavyoizunguka tengeneza. Fimbo ya mchoraji wa nyumba, ile ya kurefushwa ya kupakia rangi, ni fimbo ya maiki iliyokamilika ukiondoa rola na kufunga kishikio chenye mpira laini. Manyoya ya kuzuia upepo yanatoka kwenye koti la manyoya bandia la mtumba: shona mfuko manyoya yakiwa nje, mrefu kuliko maiki kwa sentimita 2, ndani pawe na sponji nyembamba ili kitambaa kisiguse kichwa cha maiki. Chumba chenye mwangwi kinatulizwa na magodoro na mablanketi nje ya fremu, na hakuna kifaa cha kununua kinachofanya vizuri zaidi kwa bei hiyo.

Kulingana na hali yako

Ukiwa mwanafunzi au mnaanza kikundi na hamjapata mteja hata mmoja: tengenezeni fremu ya kitambaa, kaniki, mifuko ya mchanga na fimbo ya maiki, mshuti karibu na dirisha, na pesa yote iende kwenye maiki. Taa isubiri.

Ukiwa na chumba kimoja cha kudumu cha kurekodia: paneli mbili za mikanda, moja ikiwa kuu na ya pili, ikiwashwa theluthi moja, nyuma ya bega, stendi za ndoo za zege. Paneli zifungwe darini kama unaweza, waya usipite sakafuni.

Ukifanya harusi, mikutano na matangazo ya biashara ndogo: nunua taa moja ya wati 60 hadi 100 yenye mdomo wa Bowens, softboksi moja, stendi mbili, rifleta ya kukunja. Jenga mifuko ya mchanga tu. Muda wako una wateja.

Ukipata kazi moja kubwa inayohitaji taa usizo nazo, kodi. Siku mbili za kukodi taa ya wati 300 na jenereta tulivu ni nafuu kuliko kununua kitu kitakacholala stoo hadi mwakani. Kagua kila kifaa mbele ya mwenye nacho, piga picha mikwaruzo iliyopo, na washa taa kwa dakika 20 kabla hujaondoka dukani, kwa kuwa feni mbovu na saketi inayochoka hazijionyeshi zikiwa baridi.

Ukiwa mbali na miji mikubwa, ambako taa ikiharibika hakuna wa kuitengeneza: paneli ya volti 12 unayoijua kila mguu wake wa solda, betri ya sola, na ndani ya begi mita 1 ya mkanda wa ziada, fyuzi tano, na solda ya gesi.